Mkia wa Neno

Bibi Nukta aligawa karatasi kwa kufuata alama, kuanzia aliyefanya vizuri kuliko wote, na hakuona ubaya wowote katika hilo. Ya Mwalimu ilikuwa ya mwisho. Ilimfikia mezani ikiwa kifudifudi, maana hiyo ndiyo hisani pekee aliyoijua mhadhiri yule, na Mwalimu akaiacha hivyo hivyo mpaka Shemasi, kijana aliyekaa jirani yake, alipoinama kujifanya anatafuta kalamu sakafuni. Hapo akaifunua pembe. Thelathini na tisa kwa mia.

Ilikuwa Ijumaa ya nne ya likizo ndefu. Wanafunzi wa kawaida walikuwa wamekwenda makwao, mabweni yamefungwa, na chuo kizima kimebaki na watunza bustani, mlinzi wa geti, na watu kumi na mmoja wa shahada ya uzamili waliokuwa wakisoma Kiebrania cha kale asubuhi mpaka alasiri. Masomo ya miaka miwili yalikuwa yameshindiliwa ndani ya wiki nane. Kila Ijumaa palikuwa na jaribio, na mwisho wa wiki ya nane mtihani wenyewe. Asiyepata sitini hana cheti.

Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa ishirini na saba kati ya hiyo alikuwa amefundisha sekondari. Walimwita Mwalimu darasani kwa heshima, na hata mumewe nyumbani alimwita hivyo. Mhadhiri naye hakuwa bibi. Alikuwa hajafika hata arobaini. Jina la Bibi Nukta alilipata kwa sababu Kiebrania huandika irabu zake kwa vinukta vidogo chini na juu ya herufi, na yeye hakusamehe nukta hata moja.

"Mwalimu, tusomee sentensi ya tatu," alisema sasa.

Mwalimu akanyanyua karatasi, akasoma kutoka kulia kwenda kushoto kama lugha ile inavyotaka. Alisoma taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kisha akatafsiri: "Aliandika maneno yote."

"Nani aliandika?"

"Yeye."

"Tazama tena."

"*Katav*," alisema Mwalimu. "Aliandika."

"Pameandikwa *katavnu*. Tuliandika. Sisi tumekwenda wapi, Mwalimu? Umetutoa nje sote."

Darasa likacheka, kicheko chepesi cha watu ambao nao walikuwa wameshatandikwa kwa zamu zao. Mwalimu akatazama tena. Zilikuwepo. Herufi mbili kwenye mkia wa neno, nyeusi, safi, kana kwamba mtu amezipachika sekunde ile ile. Angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba hazikuwepo.

"Ni mazoea ya lugha zetu," Bibi Nukta aliliambia darasa. "Sisi tumezoea mtendaji atangulie. *Ni*liandika, *tu*liandika, *wa*liandika. Mtu unamkuta mlangoni. Huku, kwa tendo lililokwisha, mtu anakaa mkiani. Mwalimu anafika katikati ya neno, anaridhika, anaondoka zake. Huo ni uzembe wa macho, na dawa yake ni mazoezi."

Baada ya kipindi alimwita ofisini. Hakumkaripia. Alimwambia kwamba majaribio matatu mfululizo yalikuwa yameanguka, kila moja chini ya lililotangulia, na kwamba taratibu za chuo zinamtaka ampe mtu wa namna hiyo ushauri wa kuacha kabla ya kujiaibisha.

"Mwalimu, si kila mtu ameumbiwa lugha. Na umri nao una kauli yake."

"Nimekusikia, Daktari. Nipe hadi Ijumaa ijayo."

Mwalimu alitoka na begi lake, akapita katikati ya bustani tupu. Hakuwa akisoma kwa ajili ya kujifurahisha. Lugha ya kwao, inayosemwa na watu wachache kiasi kwamba hata redio haijawahi kuitumia, ilikuwa na Agano Jipya tu; Agano la Kale, lililoandikwa kwa Kiebrania, bado. Kikundi cha tafsiri kilikuwa kikingojea mtu mmoja anayejua Kiebrania na aliyenyonya lugha ile kwa mama. Bila yeye, kazi angepewa bwana mmoja msomi mno, ambaye Kiebrania alikijua vilivyo, lakini lugha ya kwao aliisema kama mgeni anayeulizia njia.

*

Nyumbani, Fundi alikuwa barazani na friji ya mteja, imelazwa ubavu kama mgonjwa. Mumewe alitengeneza friji kwa miaka thelathini, na watu walisema anaweza kuisikia kompresa mbovu akiwa ng'ambo ya barabara.

"Karibu, Mwalimu. Wayahudi hawajambo?"

"Hawajambo."

Kwa jinsi alivyojibu, Fundi akajua asiulize zaidi. Lakini ndani alikuwepo dada yake Fundi, aliyekuja kurudisha sufuria na kukaa saa mbili. Wifi huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tatizo moja tu, kwamba kila lililompitia kichwani lilishuka moja kwa moja mdomoni.

"Wifi yangu, umekonda! Mimi nashangaa. Wenzako wa umri huu wanasubiri kustaafu, wewe unajipa adhabu. Hiyo lugha yenyewe inasemwa na watu waliokufa."

"Ndiyo maana hawanisahihishi, wifi. Wananisahihisha walio hai."

Wifi akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu akaenda jikoni kuchukua chai, akarudi, akakiweka kikombe mezani, na alipogeuka kuchukua kitabu mkono wake wa kushoto ukakipiga. Chai ikatapakaa. Kilikuwa kikombe cha tatu wiki ile.

"Mawazo hayo," alisema wifi, akifuta meza kwa upande wa kanga yake. "Mtu akijaza kichwa kupita kiasi, mikono inabaki bila msimamizi."

Binti yao, kitindamimba, aliyemaliza shule na kusubiri nafasi ya chuo, ndiye aliyekuwa mtahini wa mama yake kila jioni. Alikuwa amemtengenezea vikadi mia tatu, neno moja kila kadi, kwa kalamu nene. Wifi alipoondoka walikaa wakaanza. Binti anainua, mama anasema. Farasi. Farasi wengi. Farasi wetu. Nilikumbuka. Tulikumbuka. Mlikumbuka. Kati ya kadi hamsini alikosa mbili.

"Sasa soma hapa," binti akamsogezea kitabu.

Kitabuni, kwenye mistari mirefu, Mwalimu akaanza kupukutisha. Farasi wetu akawa farasi. Tulikumbuka ikawa alikumbuka. Maneno yale yale aliyoyasema dakika tano nyuma.

"Mama! Unakula mwisho wa neno!"

"Sili. Sioni kama kuna mwisho."

"Kwenye kadi unajua, kwenye kitabu hujui. Huo ni woga tu, mama. Ukiona mistari unaingiwa na hofu."

Mwalimu akafunga kitabu. Alikuwa amefundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na saba, na wangapi kati yao aliwaambia maneno hayo hayo: mzembe, mwoga, hujitumi. Alikumbuka nyuso mbili tatu. Akasema amechoka, akaenda kuanua nguo.

*

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, Fundi aliingia sebuleni kutafuta bisibisi yake ndogo. Karatasi za majaribio zilikuwa mezani, chini ya kamusi. Hakuwa na tabia ya kupekua, lakini wino mwekundu ulikuwa mwingi, na fundi ni mtu wa kuvutwa na palipoharibika. Akazitoa zote, akazipanga sambamba, akasimama akizitazama huku amekunja mikono. Hakujua herufi hata moja. Pengine hilo ndilo lililomsaidia, maana hakuwa na cha kusoma. Aliona wino tu.

"Mwalimu, njoo kidogo."

Mwalimu alikuja, akaziona, uso ukambadilika. "Nani amekwambia uzitoe hizo?"

"Usinikasirikie bado. Hii lugha inaanzia wapi?"

"Kulia."

"Inakwenda kushoto. Sasa tazama. Hapa amekukata. Hapa amekukata. Hapa, hapa, hapa." Kidole chake chenye mafuta kilishuka na ukurasa, kisha na wa pili, kisha na wa tatu. "Kila neno lenye wino, wino uko mwisho wake wa kushoto. Hakuna hata moja lililokosewa mwanzoni."

"Ndiyo. Mhadhiri anasema ni mazoea ya lugha zetu."

"Wenzako nao hawana lugha? Shemasi anakosea hapo hapo?"

Mwalimu akafikiri. Shemasi alikosea kila mahali, bila upendeleo.

"Friji ikigandisha kona moja tu kila siku," alisema Fundi, "siwezi kusema ni uvivu. Uvivu hauchagui kona. Kuna kitu kimeziba." Akavuta kiti. "Kaa. Tazama pua yangu. Usihamishe macho."

"Una mchezo gani asubuhi yote hii?"

"Tazama pua yangu, mke wangu."

Alipomwita hivyo, Mwalimu akakaa. Fundi akachukua bisibisi, akainyoosha mbali upande wa kulia, akaisogeza ndani polepole. "Sema ukiiona." Akaiona mapema. Kisha upande wa kushoto. Mwalimu akakaza macho kwenye ile pua aliyoishi nayo miaka mingi, akasubiri. Akasubiri tena.

"Hujaanza?" aliuliza.

Bisibisi ilikuwa imeshafika karibu na shavu lake.

*

Daktari wa macho waliyemwendea siku hiyo hiyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anayemweleza mgonjwa jambo baya kwa utulivu ule ule anaomwelekezea mlango wa maabara. Alipima presha ya macho, akamulika ndani, akamkalisha mbele ya mashine, kisha akaweka mezani karatasi mbili zenye mchoro wa duara. Kwenye moja, karibu nusu ilikuwa nyeusi. Kwenye nyingine weusi ulikaa upande mmoja, kama mtu ameegemeza kidole chenye masizi.

"Hili ni jicho lako la kushoto. Presha ya macho imeliumiza muda mrefu. La kulia ni zuri zaidi, ila limeanza kupoteza upande wa karibu na pua. Ukiyaweka pamoja, una shimo upande wa kushoto. Hulioni kama giza. Ubongo unalifunika na chochote kilicho jirani, ndiyo maana mtu hajui."

"Mbona Kiswahili nasoma bila shida?"

"Kiswahili unakwenda kulia, na upande wako wa kulia ni mzima. Jicho linaona linakokwenda." Daktari akasita. "Kwani wewe unasoma nini kingine?"

Mwalimu akamweleza. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, watu wananijia wakiwa wameshaanza kugonga milango. Hajawahi kunijia mtu kwa sababu ya kitenzi."

Fundi, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia mapajani, akauliza lile ambalo mkewe hakuliuliza. "Kilichopotea kinarudi?"

"Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tunakilinda kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Ukiyafuata utasoma mpaka uzeeni. Ukiyaacha, miaka mitano, sita." Akaandika, kisha akainua kichwa. "Ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Una ndugu wa tumbo moja?"

"Mmoja. Mdogo wangu wa kiume."

"Anafanya kazi gani?"

"Dereva wa lori."

Daktari akaandika hilo pia. "Aje," alisema.

*

Siku mbili nzima Mwalimu hakufungua kitabu. Alitiwa matone na binti yake, akalala chali kwa dakika alizoagizwa, na machozi na dawa vikashuka pamoja hata mtu asiweze kusema kipi ni kipi. Binti aliomba msamaha kwa ule woga aliomsingizia. Mwalimu akamwambia asijisumbue, maana yeye mwenyewe ana watu wengi zaidi wa kuwaomba msamaha, na hajui waliko.

Jumatatu jioni, Fundi alikuja na ukurasa mkononi.

"Shimo liko kushoto. Chini je?"

"Chini naona."

"Basi neno lisiende kushoto. Liende chini." Akageuza karatasi, upande wa kulia ukaja juu, mistari ikasimama wima kama nguzo. "Jaribu."

"Nitasomaje herufi zimelala ubavu?"

"Friji naitengeneza ikiwa imelala ubavu. Unazoea."

Mwanzoni ilikuwa kama kusoma kwa mara ya kwanza maishani. Herufi zilizokuwa rafiki zake zikamgeuka. Lakini neno sasa lilishuka toka juu mpaka chini, na mkia wake ulikuwepo, haukujificha. Alisoma mstari mmoja kwa robo saa. *Katavnu*. Tuliandika. Akaweka kidole kwenye zile herufi mbili za mwisho, akakaa nazo.

"Tumo," alimwambia mumewe. "Sote tumo."

Lakini kulikuwa na Bibi Nukta. Mwalimu alikuwa tayari kulia mbele ya mumewe, mbele ya mwanawe, hata mbele ya wifi. Kumwambia mtu wa umri wa wanafunzi wake wa zamani kwamba ana ulemavu, hilo lilimshinda. Alikwenda Jumanne asubuhi kabla ya kipindi, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa na cheti cha udhuru.

"Wiki ya tano," alisema Bibi Nukta bila kuinua macho, "kila mwaka watu huugua. Mwaka jana walikuwa wawili wenye mgongo."

Mwalimu akatoa karatasi ya hospitali. Bibi Nukta akaisoma. Kisha akasema, kwa sauti tofauti, "Una majaribio yako hapo?"

Akayatandaza mezani yote manne. Alimaliza dakika kadhaa akiyatazama, na kidole chake kikashuka ukurasani vile vile kama cha Fundi, kwenye wino ambao alikuwa ameutia mwenyewe.

"Nimeandika neno 'uzembe' mara nne," alisema.

"Mara tano. Moja iko nyuma."

Bibi Nukta akaigeuza, akaiona. Alikuwa mtu asiyejua kuomba radhi, na alipojaribu ilimtoka kama mtu anayesema lugha aliyojifunza ukubwani. "Alama siwezi kuzibadilisha, Mwalimu. Zimeshaingia. Ila mtihani wa mwisho ndio unaotoa cheti. Nitakuchapishia kwa herufi kubwa. Muda wa ziada sina mamlaka nao."

"Sijaomba muda wa ziada. Naomba unikalishe mwisho wa darasa, nisiwachekeshe watu nikigeuza karatasi."

"Utakaa mbele," alisema Bibi Nukta. "Atakayecheka nitamkata alama."

Hakuna aliyecheka. Shemasi alijaribu na yeye kugeuza karatasi yake siku moja, akidhani pengine ndiyo siri, akapata kizunguzungu.

Wiki tatu zilizobaki, Mwalimu alisoma kama mtu anayejenga ukuta peke yake, tofali moja moja. Barazani, mezani, kwenye benchi la hospitali akingoja kupimwa tena. Wifi alikuja mara mbili, akakaa kimya zaidi kuliko kawaida yake, na siku ya pili akaleta kikombe cha bati. "Hiki hakivunjiki," alisema. "Kipige utakavyo."

*

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ya kuandika ilipita salama. Ya kusoma kwa sauti ilifanyika mbele ya meza ya watahini watatu, na mmoja wao alikuwa profesa mgeni kutoka chuo kingine, mzee mwenye tai na miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kifuani. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Mwalimu alipokaa, akapokea ukurasa, akaugeuza ubavu, profesa akatoa kicheko kidogo cha huruma.

"Mama, umeshika karatasi vibaya. Tulia. Usiogope."

Bibi Nukta akafungua mdomo, lakini Mwalimu akawahi.

"Nimeishika hivyo makusudi, Profesa. Jicho langu haliuoni upande wa kushoto. Neno likishuka chini nalipata lote."

Alishangaa jinsi lilivyotoka kirahisi. Alikuwa ameliogopa wiki tatu, na sasa limekaa mezani kama kitu chochote, baina ya jagi la maji na orodha ya majina. Profesa akavua miwani, akavaa ule mwingine. "Endelea," alisema.

Alisoma. Sauti yake ilikuwa ya taratibu kuliko wenzake wote waliotangulia, na kuna mahali alinyamaza muda mrefu, kidole kikiwa juu ya neno moja, mpaka Bibi Nukta akaanza kubana vidole vyake chini ya meza. Kisha akalitamka lote, na nukta zake. Alipomaliza, profesa akamuuliza swali moja tu, kama ataweza kuisema aya ile katika lugha ya kwao. Mwalimu akaisema papo hapo, bila kutafuta maneno, kama mtu anayemwita mtoto ndani. Hakuna aliyeielewa mezani pale, lakini wote watatu walisikiliza hadi mwisho.

Matokeo yalibandikwa Alhamisi. Sitini na nne. Fundi aliyasoma kwa sauti mara mbili mbele ya ubao, mlinzi wa geti akampa mkono bila kujua anampongezea nini.

*

Lakini kulikuwa na simu ambayo Mwalimu hakuwa ameipiga. Alikuwa amejiambia kwamba angoje mtihani upite. Mtihani ulipita, akajiambia angoje matokeo. Matokeo yalipotoka alibaki bila sababu. Mdogo wake alikuwa na watoto wanne na leseni moja, na Mwalimu alijua kwamba dereva hapelekwi kwa daktari wa macho kama mtu mwingine. Mtu mwingine huenda kujua hali yake. Dereva anaweza kuacha mkate wake juu ya meza ya daktari.

Ijumaa adhuhuri alikaa barazani, akapiga.

"Dada! Nasikia umefaulu lugha ya manabii. Sasa utatutabiria?"

"Mdogo wangu, nisikilize." Akamweleza yote, toka karatasi ya kwanza mpaka matone. Hakuruka hata lile neno ofisini kwa Bibi Nukta, wala kile kicheko cha profesa. Upande wa pili injini ilikuwa ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Mimi naona vizuri, Dada."

"Hata mimi nilikuwa naona vizuri."

"Wakinikuta na ugonjwa huo watachukua leseni."

"Huenda."

"Sasa unanipigia kuniambia nijipeleke mwenyewe?"

"Nakupigia kukwambia nilijificha wiki nne, na zile wiki nne hazikunisaidia kitu. Wewe unajificha na tani ishirini mgongoni." Akaona kwamba amesema kama mwalimu, akashusha sauti. "Sikulazimishi. Nitakuwa hospitali Jumatatu saa tatu, benchi la kwanza. Usipokuja sitakuuliza."

Upande wa pili mlango wa lori ukasikika ukifunguliwa.

"Kioo cha pembeni cha kushoto," alisema hatimaye. "Nimekivunja mara mbili mwaka huu. Nikasema barabara zimekuwa nyembamba."

Jumatatu saa tatu kasorobo mdogo wake alikuwa ameshafika kabla yake. Alikuwa amevaa shati lake la kwendea kanisani. Walikaa bega kwa bega. Alipoitwa akaingia chumba cha mashine, na mlango ukabaki wazi kidogo. Mwalimu hakuona ndani, alisikia tu kile kitufe ambacho mgonjwa hukibonyeza kila anapoona nukta ya mwanga. Ka. Ka. Kimya. Ka. Kimya kirefu, ambamo ndani yake nukta zilikuwa zikiwaka na kuzimika bila shahidi. Ka. Mwalimu alishika benchi kwa mikono miwili na kuacha kuhesabu.

Daktari alitoka na mchoro. Akauweka mapajani mwa Mwalimu, akaonyesha jicho moja lililo safi kabisa, na la pili lenye kijidoa pembeni, kidogo kama ukucha wa mtoto.

"Ataendelea kuendesha?" Mwalimu aliuliza.

"Kwa sasa, ndiyo. Matone, na kila miezi minne nimwone. Huyu amewahi."

Mdogo wake alitokea nyuma ya daktari akipangusa macho, mekundu kwa dawa, na kusimama pale mlangoni akitafuta dada yake yuko benchi gani. Mwalimu akasogea, akampa nafasi upande wake wa kulia.